Vita vya Mabua Vinatafuta wa Kufa

Ukitoka stesheni ya treni ya Mpanda ukafuata harufu ya kahawa, utalikuta benchi hilo kabla hujaanza kulitafuta. Ni taruma la reli la zamani, la mti mweusi, limelazwa juu ya mawe mawili mbele ya kibanda ambamo Lyamba hutengeneza simu na redio. Jua likishaanza kulegea, wenyewe hukusanyika. Lyamba wanamwita Antena, kwa kuwa hakuna habari inayompita, ya kweli na isiyo ya kweli. Denis wa bodaboda ni Gia Tano. Ndaki, Mnyamwezi mwenye ndevu nyingi anayelina asali katika misitu ya Ugalla, ni Sega. Méthode muuza kahawa hana jina la kijiweni. Anasema hilo alilotoka nalo Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, bado hawajaweza kulitamka, walimalize hilo kwanza. Na mwisho wa benchi, upande wa kivuli, hukaa mzee Deogratias. Yeye husema neno, akalipumzikia, ndipo akalisema la pili, kwa hiyo wamemwita Polepole.

Siku hiyo Polepole alikuja na kikapu, akakiweka kati ya miguu yake, akakifunika kwa kofia. Ndani mlikuwa na kitenge cha marehemu mke wake.

Skolastika alizikwa wakati wa mvua kubwa. Misa ilisomwa vizuri, uvumba ukafukizwa, wanakwaya wakaimba mpaka sauti zikakauka. Kitu kimoja tu kilikosekana. Deogratias ni Mfipa, na Mfipa na Mnyamwezi ni watani. Kwenye msiba wa kwao, mtani huvaa nguo ya marehemu, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, mpaka watu wakacheka na machozi yao usoni. Hapo ndipo marehemu anakuwa ameagwa na kila mtu, hata na waliomchoka. Mtani wa nyumba ile alikuwa Ndaki, na Ndaki siku hiyo alikuwa ng'ambo ya mto uliofurika, kwenye mizinga yake, pasipo na mtandao. Aliporudi udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka. Alisema, "Pole, mtani," akainamisha kichwa, na tangu hapo huwatania wote kijiweni isipokuwa mmoja.

Polepole hakumlaumu. Alisali rozari yake kila jioni, akamshukuru Mungu kwa miaka aliyopewa pamoja na mke yule. Lakini kicheko kilikuwa kimemkwama mahali fulani chini ya koo, kama tonge kavu. Jumamosi dada za marehemu wangefika kutoka Karema kugawa nguo. Ndaki naye alikuwa anaondoka kesho alfajiri na lori la Ugalla, na harudi mpaka msimu wa asali uishe. Kwa hiyo ilikuwa ni leo, au basi. Na utani hauombwi. Ukimwomba mtani aje akutanie, umeshamfanya kibarua. Mzee alichoweza kufanya ni kuja na kikapu na kukaa.

Ndipo Denis akafunga breki vumbi likawafikia wote.

— Wazee, oneni hii kabla chaji haijakata.

Wakainamia simu. Kwenye kioo kulikuwa na uwanja wa majani mabichi, na wanaume wa Kizungu waliovaa makoti mekundu, suruali nyeupe za kubana na kofia zenye pembe tatu. Walitembea kwa mistari wakifuata ngoma. Wakasimama, wakaelekeza bunduki ndefu, moshi ukafunika kila kitu, na moshi ulipoondoka wengine walikuwa chini.

— Hiyo wapi? — Lyamba akauliza. — Mbona redio haijasema?

— Siyo vita, Antena. Ni hobi.

— Hobi ndiyo nini?

— Kitu unachofanya bila mtu kukutuma.

— Basi nyie kukaa hapa ni hobi, — Méthode akasema, akimimina.

Denis alikuwa amekaa na video zile siku nzima, kila alipokosa abiria, na sasa maneno yalimtoka kwa kasi ya pikipiki yake. Yule mpiga ngoma ni mwoka mikate. Yule kapteni anauza matairi. Kila baada ya muda wanaacha kazi zao, wanavaa kama mababu zao wa karne ya kumi na nane, wanalala kwenye mahema bila simu, wanakula walichokula wale, halafu wanapigana upya vita iliyokwisha zamani. Baruti ipo, risasi hamna. Anayetakiwa kufa anaanguka. Mwisho ngoma inalia, wafu wanainuka, wanajikung'uta majani, wanaenda kunywa chai na waliowaua.

Polepole aliinua uso.

— Wanainuka... wote?

— Wote, mzee wangu. Ngoma ikilia, habaki mtu chini.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akasogeza kikapu kidogo.

Lyamba hakukubali kwamba ule ni mchezo. Kwa hesabu yake, mtu mzima hawezi kushona vifungo vyote vile kwa ajili ya mchezo. Wale walishindwa vita zamani, na sasa wanafanya mazoezi kimyakimya ili irudiwe, kama mechi iliyovunjika kwa mvua. Ndaki akamuuliza itarudiwa na nani ilhali wapinzani wote wamekufa. Lyamba akajibu kwamba hilo ndilo linalowapa wale Wazungu moyo wa kuendelea.

Wakacheka, na katika kile kicheko Denis akasimama juu ya benchi.

— Kwa nini sisi hatuna? Nchi hii ilikuwa na watemi. Walikuwa na askari wao, wapiga pinde, wapiga ngoma. Turudishe jeshi la mtemi. Karne hiyohiyo ya kumi na nane.

— Wakati wa Mjerumani, — Lyamba akasema.

— Mjerumani alikuwa bado, — Polepole akasema. — Ile ni miaka ya elfu moja... mia saba. Hata babu wa babu zetu... wengi hawajazaliwa.

— Sasa kama hakuna aliyezaliwa, nani alikuwa anapigana?

Swali hilo liliwachukua vikombe viwili vya kahawa. Walipolimaliza bila kulijibu, jeshi lilikuwa limeshaanzishwa, na hata mikono ilikuwa imeshapeanwa.

Denis alikuwa na maelekezo. Kulikuwa na mama mmoja kwenye video, kavaa kofia kama mfuniko wa chungu, anafundisha wanaoanza. Kiingereza cha Denis kilikuwa cha kubebea watalii wa mbuga ya Katavi, lakini alitafsiri kwa ujasiri. Mama anasema silaha ni ya mwisho. Wageni wote wanakimbilia bunduki, na hao ndio wanaoacha mapema. Kwanza uchague wewe ni nani. Siyo askari tu hivihivi, hapana. Jina lako nani, umetoka kijiji gani, nani anakungoja nyumbani. Ukishajijua, ndiyo utafute nguo. Nguo uazime kwanza, usinunue, mpaka ujione kama unaiweza.

— Nani anakungoja nyumbani, — Polepole alirudia taratibu, lakini wengine walikuwa wameshafika kwenye nguo.

Ndaki akasema nguo za enzi zile ni magome ya mti, na magome anayajua, kwani ndiyo anayotengenezea mizinga. Ukilibandua gome la myombo vizuri na kulipondaponda, linalainika mpaka unaweza kulibebea mtoto. Lyamba akauliza kama nyuki hawatalikumbuka gome lao na kulifuata vitani. Ndaki akasema wakilifuata ndiyo vizuri zaidi, jeshi litakuwa na ndege za kivita. Hapo mambo yakaanza kupanda. Lyamba akataka kuwa mtemi, na mtemi hatembei kwa miguu, kwa hiyo atakuja amempanda punda milia kutoka mbugani. Akaambiwa punda milia hapandiki. Akasema ni kwa sababu hakuna aliyewahi kumwomba kwa heshima. Kufikia kikombe kilichofuata watalii walikuwa wanashuka kwa ndege kuja kuangalia, treni ya Tabora ilikuwa imeongezewa mabehewa, na picha ya Lyamba ilikuwa kwenye stempu.

Denis alichagua kuwa tarishi wa mtemi, mtu wa mbio. Tatizo lilikuwa helmeti, maana hakutaka kuivua.

— Karne ya kumi na nane kulikuwa na helmeti? — Ndaki akamuuliza.

— Kichwa kilikuwepo.

Méthode alisema yeye atakuwa muuza kahawa wa jeshi. Wakamwambia kahawa ilikuwa haijafika. Akaweka birika chini, akafuta mikono.

— Basi na mimi sijafika. Nitafuteni karne yenu ikiisha.

Wakambembeleza. Wakakubaliana kwamba kahawa ilifika mapema kidogo kwa upande wa Mpanda.

— Na wewe, Polepole? — Denis akauliza. — Wewe nani?

Mzee alikaa na swali lile. Alitaka kusema kwamba ni mtu ambaye hakuna anayemngoja nyumbani. Akalitazama kwanza, akaliona litawaharibia raha.

— Mimi... nitaangalia, — akasema. — Jeshi lazima liwe na mtu... wa kuliombea.

Ndaki alimtupia jicho, akaliondoa haraka.

Mazoezi yalianza palepale, kwenye uwazi kati ya kibanda na ukuta wa stesheni. Mabua ya mahindi yalikuwa yamejaa kila mahali baada ya mavuno, yakawa mikuki. Mama ntilie wa jirani aliazimisha nyungo zake ziwe ngao, kwa sharti kwamba zisitobolewe. Lyamba alijifunga kiroba cha mbolea mabegani kama ngozi ya chui. Wakagawana, Lyamba na Méthode upande huu, Denis na Ndaki upande ule. Polepole alibaki kwenye taruma na rozari yake, na moyo wake, ingawa hakuutuma, ulianza kudunda kama wa kijana.

Wakapiga kelele, wakakimbiliana, mabua yakaruka. Bua la Denis lilimpiga Lyamba katikati ya kifua.

— Umekufa, Antena.

— Sijafa. Limepita.

— Limepita wapi? Limevunjikia hapo.

— Mtemi ana dawa.

Bua la Méthode likampiga Ndaki shingoni. Ndaki akasema limemkuna tu. Denis alipigwa kichwani, akagonga helmeti kuonyesha hakuna kilichoingia. Walirudia, wakarudia, wakatoka jasho mpaka viatu vikateleza, na hakuna aliyekufa. Vita vilizunguka ule uwazi kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Watu wachache walikuwa wamesimama kuangalia. Mmoja wao alikuwa dada mwenye sare nyeupe, kashika simu iliyopasuka kioo. Alikuwa Agatha, muuguzi mgeni, aliyehamia mjini mwezi ule, na alikuwa amemfuata fundi.

— Samahani, — akasema. — Hapa ni kwa fundi simu?

— Ndiyo, mwanangu, — Polepole akajibu. — Fundi ni yule... mwenye kiroba. Leo ni mtemi.

Agatha akaangalia kidogo, kwa adabu. Akaelezwa: vita ya kale, jeshi, hobi. Akaonekana kupendezwa kwa kweli.

— Sasa nani anakufa? — akauliza.

Mabua yakashuka.

Denis akasema kwa kweli yule mama wa video amesisitiza sana hilo, kwamba anayeanza hufundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kupiga. Basi aanguke yeye, wakamwambia. Ah, yeye hawezi. Mtu wa pikipiki kujilaza barabarani kwa makusudi ni kujichuria mkosi. Mama yake akisikia ataifungia pikipiki ndani. Lyamba mke wake alikuwa mjamzito. Mtu anayengoja mtoto hajilazi kama maiti, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Wakamgeukia Méthode. Méthode hakucheka.

— Wazazi wangu walikimbia vita ya kweli, — akasema. — Walitembea mpaka huku ili nisianguke. Siwezi kuanguka kwa bua.

Ndaki akainamia bua lake kabla hajaulizwa yeye.

— Kwa hiyo hamna jibu, — Agatha akasema, bila ubaya. — Vita haiishi.

Polepole aliona vile vita vinavyokufa badala ya watu. Lyamba alikuwa ameshaanza kufungua kiroba chake. Bado kidogo wangerudi kwenye benchi, wangekunywa kikombe cha mwisho, na Ndaki angesema anawahi kulala kwa ajili ya lori. Mzee akainuka. Alisema taratibu kuliko siku zote, kwa kuwa kila neno lilikuwa na uzito wake.

— Kwetu... yuko mtu mmoja... ambaye kufa kwa kuigiza hakumchurii. Akilala kaburini... anainuka, anadai chakula. Huyo kazi yake... ni hiyo tangu zamani.

Hakutaja jina wala hakumtazama mtu. Alitazama rozari yake. Hakuwa ameomba chochote, na Mungu ni shahidi.

Ndaki alisimama na bua mkononi. Ndevu zake zilicheza kidogo.

— Mfipa, — akasema.

Tangu mvua hakuwa amemwita hivyo.

— Naam.

— Umekikalia hicho kikapu tangu saa tisa kama kuku anayeatamia. Umeiba nini?

Polepole akainama, akaondoa kofia, akatoa kitenge. Kilikuwa cha kijani, chenye chane za ndizi za manjano, na wote waliokuwa kwenye kijiwe kile walikijua. Denis akavua helmeti.

— Jeshi hili halina mama, — Ndaki akasema, sauti ikimtetemeka. Akaikohoa mpaka ikanyooka. — Jeshi gani linapigana bila mtu wa kulipikia? Ndiyo maana hamfi. Mna njaa tu.

Akakichukua kitenge kwa mikono miwili. Akajifunga kiunoni, juu ya suruali yake yenye nta, akakaza fundo kwa pembeni kama marehemu alivyolikaza. Halafu akaenda mpaka kwenye nguzo ya umeme, akageuka.

Alikuwa ni Skolastika. Goti la kushoto halikunjiki, lile aliloliumiza utotoni akishuka kwenye boti huko Karema. Mkono mmoja kiunoni. Midomo inatembea, kwa kuwa mama yule alisali akiwa njiani ili asipoteze muda, na maagizo ya nyumbani aliyapachika humohumo.

— Salamu Maria... Deo, umefunga kuku?... umejaa neema... wewe Méthode, kahawa hiyo umemwekea mume wangu?... Bwana yu nawe... Antena, redio yangu uliniambia kesho. Kesho ya nani?

Mama ntilie akashika mdomo. Denis alikaa chini kwa kicheko. Ndaki akaingia katikati ya uwanja wa vita kwa ule mwendo wa goti moja, akampokonya Lyamba ungo, akauchungulia kama una mawe, akampokonya Denis bua, akalivunja.

— Nyie wote mna kwenu. Nani anawangoja? Haya, nendeni. Vita imekwisha, ugali unapoa. Deo! Deogratias! Huyu mzee, siku ya ufufuko malaika watamwita mara ngapi?

Akiwa palepale, katikati ya neno, akashika kifua. Akapiga magoti, lile zima kwanza, halafu lile gumu. Akajilaza ubavu, taratibu, akajivuta kitenge mpaka mabegani, akatulia.

Hakuna aliyecheka tena. Vumbi lilishuka juu ya kile kitenge cha kijani. Polepole alifanya ishara ya msalaba. Aliona kile ambacho siku ya mvua hakukiona vizuri, kwa sababu ya watu wengi na miavuli: mke wake amelala, na kila mtu anamjua alivyokuwa.

— Méthode, — akasema. — Ngoma.

Méthode hakuwa na ngoma. Alichukua vikombe vyake viwili, vile vidogo, akavigonganisha kama anavyofanya akipita mitaani kuita wanywaji. *Kle, kle, kle.* Sauti ikaenda mpaka ukuta wa stesheni, ikarudi.

Na yule aliyelala akainuka. Akaketi, akapiga chafya, akajikung'uta mabua kutoka kwenye kitenge, upande mmoja na wa pili, kama mtu aliyeamka saa za kazi. Akamtazama mzee moja kwa moja usoni.

— Kuku, Deo. Nimekuuliza habari za kuku.

Kilichomtoka Polepole kilianza kama kikohozi. Wakamsogelea wakidhani amepaliwa. Kumbe ni kicheko. Kilikuwa kimekaa sana hata kikatoka na kutu, kikampinda, kikamkalisha kwenye taruma, machozi yakimwagika kwenye ndevu fupi nyeupe. Ndaki akaja akakaa karibu naye, akiwa bado amejifunga kitenge, naye alikuwa analia waziwazi, akimtukana kwa kila aina ya tusi la utani alilolilimbikiza tangu mvua: Mfipa mla panya, Mfipa usiyejua kufunga banda. Na mzee akamrudishia, neno kwa neno, kwa mapumziko yake, Mnyamwezi mbeba mizigo ya watu, Mnyamwezi uliyezoea kuwaibia nyuki.

— Nilikuwa ng'ambo, mtani, — Ndaki akasema mwishowe, kwa sauti ya chini.

— Najua. Sasa... umevuka.

Lyamba alikuwa ameshaanza kusema kwamba vita hivi vipelekwe redioni, na kwamba Wazungu wale hawana mtu wa namna hii, waulizwe. Denis alitaka tarehe ipangwe leoleo. Agatha alikuwa amesahau simu yake mkononi.

— Na mimi naweza kuingia? — akauliza. — Halafu, huyo mama, mkipigana tena atakuwepo?

Denis akamtazama Lyamba, Lyamba akatazama kikapu kitupu. Ndaki akaanza kulegeza fundo la kitenge, akakikunja vizuri, akamnyooshea mwenyewe.

Polepole hakukipokea.

— Jumamosi wanagawa, — akasema. — Hiki... kimeshagawiwa.

Méthode akainamisha birika juu ya kikombe. Likatoa matone mawili na mashapo. Alikuwa anataka kusema kwamba kahawa imekwisha, lakini mzee alikuwa ameshasimama, kofia kichwani, anatazama jua lililokuwa linagusa paa la stesheni.

— Jamani, — akasema, na safari hii hakupumzika kati ya neno na neno, — kuku wako nje.

Akaondoka kwa mwendo ambao hawakuwahi kuuona kwake, kikapu kinampigapiga mguuni, kama mtu anayejua kwamba akichelewa ataulizwa.